Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Mdogo Wangu

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae upande huu ambako jua halikupigi machoni. Nina habari mbili za kukueleza, moja ya visiwa vya mbali na vya zamani, nyingine ya nyumba yetu ya Bwiza, mtaa wa hapa Bujumbura, na nitazieleza kwa pamoja kwa sababu maishani mwangu zilikuja kwa pamoja. Usiogope kupotea. Kueleza ndiyo kazi yangu: nafundisha historia katika shule ya sekondari kule Kamenge, na huwa narudia jambo mpaka hata yule wa dawati la nyuma kabisa aniambie, "Madamu, inatosha, tumeelewa."

Nianze na nyumba. Tulikuwa wanawake watatu: mama yangu, mimi, na wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa mama, na alikuwa fundi wa mota za boti. Sisi asili yetu ni upande wa pili wa ziwa, kijiji kimoja cha pwani kusini ya Uvira, na tulikuja Bujumbura kwa kukimbia vita kama wengi wa mtaa wetu. Lakini kazi yake ilikuwa kule boti ziliko, kwa hiyo alikuwa akienda na kurudi. Akirudi analeta ndagala, ndio dagaa wa ziwani, mafuta ya mawese, na kucha nyeusi ambazo sabuni haikuziweza. Mama alimwambia, "Na hizo mikono unakulia bugali?" Naye alijibu, "Mama, hii si uchafu, hii ni mushahara."

Alasiri moja, akiwa kule kijijini, wanawake wakigeuza ndagala mchangani zipate kukauka, boti mbili zilitokea ziwani. Watu walidhani ni wanunuzi, na wengine walisogea majini kuzipokea. Walioshuka walikuwa na bunduki. Walichukua samaki, wakachukua mafuta, wakachukua vijana waliowakuta pale. Jirani yetu mmoja wa kule, mama wa makamo, alijilaza chini ya mtumbwi uliokuwa umepinduliwa kwa matengenezo, na ndiye aliyetuletea habari. Alisikia wakiuliza, "Fundi ni nani hapa?" Kisha akaona miguu ya mdogo wangu ikipita karibu na macho yake. Mdogo wangu aliomba kuchukua vifaa vyake, wakamruhusu. Alipanda boti yao na mfuko wa spana begani, kama mtu anayekwenda kazini. Boti zikaelekea kusini, na mpaka leo ninapozungumza nawe hatujapata neno la hakika.

Sasa visiwa. Katika mafunzo ya darasa langu kuna somo fupi kuhusu Bahari ya Mediterania ya karne ya kumi na sita na kumi na saba. Kama hujaitazama kwenye ramani, bahari hiyo iko kati ya Ulaya na Afrika ya Kaskazini, na ina visiwa vingi: Sisilia, Sardinia, Korsika, Malta, visiwa vya Wagiriki. Enzi zile ilikuwa na maharamia wa aina ya pekee. Haramia wa kawaida huiba kwa ajili yake mwenyewe na kila mtawala anamtafuta. Hawa walikuwa na kibali cha watawala wao, wa Aljeri, wa Tunis, wa Tripoli, na mali waliyoitafuta zaidi ilikuwa watu. Walifika ufukweni ghafla, wakachukua wavuvi, wachungaji, wanawake waliokwenda kisimani, wakawavusha bahari kuwa watumwa. Kipo kisiwa kidogo kiitwacho Gozo, jirani ya Malta, ambacho karibu watu wake wote walichukuliwa katika uvamizi mmoja. Waliobaki katika visiwa vingine walijenga minara kando ya maji. Mlinzi akiona tanga asilolijua, aliwasha moto juu ya mnara wake. Wa mnara wa pili aliuona akawasha wa kwake, hivyo hivyo mpaka habari ikazunguka kisiwa kizima. Vijiji vingine viliiacha pwani kabisa vikapanda milimani, mbali na samaki na mbali na hatari.

Nilipolifundisha somo hilo mara ya kwanza baada ya mdogo wangu kuchukuliwa, nilinuia kulipita haraka. Shuleni tunafundisha kwa Kifaransa, lakini jambo likiwa zito mimi huteremka kwenye Kiswahili, na wanafunzi hupenda hivyo, kwa sababu Kiswahili ndicho wanachotumia kutaniana.

"Madamu," akasema kijana mmoja, "kumbe ni kama wale wa kusimamisha basi ku barabara. Ila hawa walikuwa wanaogelea!"

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Kisha binti mmoja mwenye ushungi, mkazi wa Bwiza kama mimi, akainua mkono.

"Madamu, kila siku mu kitabu wabaya ni sisi Waislamu?"

"Swali zuri," nikamwambia. "Simama, liseme tena, na wa nyuma wasikie."

Akalisema tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Nikawaeleza kwamba meli za Wakristo nazo zilifanya vilevile. Wale mashujaa wa dini waliokaa Malta, na wengine wa Livorno kule Italia, walivamia pwani za Tunis na Tripoli, wakachukua wavuvi Waislamu na mahujaji waliokuwa njiani kwenda kuhiji, wakawauza katika masoko yao.

"Sasa iko sawa," akasema yule binti akiketi. "Wabaya ni wote."

"Wabaya wamo kila upande," nikasema. "Na akina mama wanaolia wamo kila upande."

Ndipo yule wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huuliza muda tu, akauliza, "Na wenye walibaki, Madamu? Wale hawakuchukuliwa. Walifanya nini?"

Nikafungua kitabu. Kitabu kilikuwa na sentensi moja juu yao, nayo ilisema kwamba maisha ya pwani yalivurugika. Nikawaambia tutaendelea siku nyingine, nikaanza kufuta ubao ambao ulikuwa tayari umefutwa.

Mama yangu, kama mmojawapo wa hao waliobaki, alifanya hivi. Kila siku ya soko alikwenda kwa wanawake wanaoleta bidhaa kutoka Uvira, akasimama mbele ya mabeseni yao ya ndagala, na kabla ya kuuliza bei aliuliza, "Hamukuona fundi wa mota, murefu, anachechemea kidogo mguu wa kushoto?" Aliwauliza waliotoka kusini na waliotoka milimani ambako hakuna hata dimbwi. Wale wachuuzi walimzoea wakamwita Mama Fundi. Wakimwona anakuja, mmoja alianza yeye mwenyewe: "Mama Fundi, leo apana. Leo tumeleta mihogo tu, na mihogo haijui kusema." Mama alicheka, akanunua mihogo, akarudi nyumbani. Najua ilikuwa njia yake ya kumtunza mwanawe. Kila alipouliza, mtu mmoja zaidi alijua kwamba kuna fundi mrefu anayechechemea.

Wifi yangu yeye hakuuliza mtu. Alikuwa mpishi katika nyumba moja ya mtaa wa Kinindo, akiondoka asubuhi na kurudi jioni akinukia vitunguu vya watu wengine. Walikuwa wameoana kwa muda mfupi tu kabla ya siku ile, na hawakuwa wamepata mtoto. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, akawa bado anafua nguo za mama, bado anampisha mama kiti, bado ni mke wa kwetu. Kisha mshonaji mmoja wa kanisani kwake, mjane aliyefiwa na mke, akatuma wazee kwa adabu kuulizia kama anaweza kumwoa. Wifi alinijia jikoni akanieleza huku ametazama sufuria.

"Unamupenda?" nikamuuliza.

"Anacheka vizuri," akasema. Kisha akaongeza, "Wifi, mi nataka mutoto. Nikisema hivyo ni dhambi?"

"Apana, si dhambi."

"Basi uniambie nifanye nini na mume mwenye hakufa na hayuko."

Hapo inabidi nikueleze desturi yetu, ya upande wa baba yangu. Mke haachiwi mpaka mume amezikwa. Kama mwili haupo, mathalani mtu amezama ziwani, familia hukata shina la mgomba lenye kimo cha mtu, hulivika nguo yake, na kulizika. Wanawake hulia kama wanavyolia msiba wowote. Mjane hunyolewa, huogeshwa, na kuanzia hapo anaweza kuolewa na yeyote. Lakini yako masharti mawili. Kwanza, udongo wa kwanza lazima utupwe na mama wa marehemu kama yu hai. Bila mkono wake, shina lile ni takataka tu iliyofukiwa. Pili, baada ya mazishi hayo hakuna ruhusa ya kumtafuta. Jina lake halitajwi kama la mtu anayetembea. Hata akirudi kwa miguu yake, hapiti mlangoni; hutobolewa ukuta kwa nyuma aingie kama mgeni, na hupewa jina jingine. Yule aliyezikwa anabaki kuzikwa.

Kwa hiyo unaelewa sasa tulikuwa tumesimama wapi. Ili wifi awe huru, mama alipaswa kumuua mwanawe kwa konzi ya udongo.

Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, alivuka mpaka kutoka Uvira kuja kulizungumza. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Mama alimpikia sombe ya majani ya mihogo, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeshiba?"

"Nimeshiba, shemegi."

"Basi safari njema."

Akaniita pembeni kabla ya kuondoka. "We umesoma. Mueleze mama yako. Watu wa dunia hii si sisi wa kwanza kupotelewa na mutu."

Kweli hatukuwa wa kwanza. Jumamosi iliyofuata, mama na mimi tukichambua maharagwe uani, nikamwambia habari za visiwa vile, za maharamia na minara na Gozo. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Unaniletea habari za Wazungu ili nikubali kufukia mugomba."

"Apana, mama. Nakueleza tu ilikuwaje kwa wengine."

"Basi eleza. Lakini usikate kona."

Nikaeleza bila kukata kona. Nikamwambia kwamba wake za waliochukuliwa walipata shida kama ya wifi. Kanisa lao halikuwaruhusu kuolewa tena mpaka upatikane ushahidi kwamba mume amekufa, na ushahidi huo ulipaswa kutoka kwa mtu aliyerudi kutoka ng'ambo na kuapa kwamba alimwona akifa. Wengine walimpata shahidi. Wengine walizeeka wakingoja.

"Na mama zao?" akauliza mama.

"Mama zao hawakuulizwa."

"Yoo. Afadhali yao."

"Afadhali namna gani?"

"Hawakuombwa kutia mukono."

Akatupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharagwe. Kisha akauliza lile swali ambalo nilikuwa nimelihofia tangu mwanzo wa mazungumzo.

"Wenye kuchukuliwa, waliwaua?"

"Wengi apana. Waliwafanyisha kazi. Wengine walifungwa kwenye meli kuvuta makasia."

"Wote makasia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini mama yangu alinilea na uongo hakuulea, na mimi darasani siku zote nawaambia watoto kwamba historia ikikatwa mkono huwa inachechemea maisha yake yote.

"Si wote. Wenye ufundi waliwekwa kando. Seremala wa meli, mwenye kuziba matundu ya meli, mushonaji wa matanga. Hao walitunzwa bandarini, watengeneze meli za wale waliowachukua."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo.

"Fundi hawakumuua."

"Hawakumuua. Walimuhitaji."

"Si unaona!" Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka. "Si unaona, mutoto wangu! Walimuita fundi. Walimuacha abebe spana zake!"

"Mama, ngoja nimalize. Wengine walirudishwa kwa ndugu zao. Lakini mwenye ufundi, huyo ndiye hawakutaka kumuachilia. Kwa sababu ileile. Walimuhitaji."

"Kurudi ni neno lingine," akasema mama. "Mi niliuliza kama iko muzima."

Wifi yangu alikuwa mlangoni, na beseni la nguo za kuanika mikononi. Sijui alisikia tangu wapi. Alitazama uso wa mama uliofurahi, akautazama wangu. "Zimeshakauka," akasema, akazirudisha ndani, na maji yakidondoka kutoka kwenye beseni mpaka chumbani kwake.

Baada ya hapo mama akawa na nguvu mpya. Sokoni alibadilisha swali lake: hakuuliza tena kama wamemwona fundi, aliuliza mota zinatengenezwa wapi huko kusini, nani anazitengeneza, na kama watu wale wa porini wenye bunduki wana boti zinazofanya kazi vizuri. "Zikifanya kazi vizuri," alinieleza, kama mwalimu kwa mwanafunzi, "kuna mutu anazitengeneza." Nilimtazama nikajua kwamba hatatia mkono kamwe. Wifi alijua pia. Wazee wa kanisa walikuja tena kuuliza, naye akawaomba wampe muda, bila kusema muda wa nini.

Kilichombadilisha mama hakikuwa neno la mtu. Jirani yetu wa ua mmoja alijifungua, na Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumpongeza. Mtoto alizungushwa mikononi mwa wanawake, akafika kwa wifi. Wengine walimbusu wakampitisha kwa mwingine. Wifi hakumpitisha. Aliendelea kumshika, akinusa utosi wake, mazungumzo yakaendelea juu ya bei ya sukari na mafuta ya gari, na mama wa mtoto akawa anasubiri kwa aibu ya kumwomba. Mwishowe mama yangu akasimama, akamchukua mtoto taratibu kutoka mikononi mwa mkwe wake. Vidole vya wifi vilichelewa kuachia.

Tulipofika nyumbani mama hakuvua hata kitambaa cha kichwa. "Muite baba yako mudogo," akaniambia.

Sasa, kuzika mgomba katika mji si jambo jepesi. Ua wetu wa Bwiza ni saruji tupu, na mwenye nyumba asingekubali hata kupanda pilipili. Makaburi ya mji hayapokei mgomba. Mwalimu mwenzangu wa Kamenge, niliyemweleza kidogo tu, alitupa kona ya kiwanja chake nyuma ya mihogo. Shina lilitoka Kinindo, katika bustani ya nyumba ambako wifi alipika. Mtunza bustani alimkatia bila kuuliza, akidhani ni la kulishia mbuzi.

Baba mdogo alilifunga kwenye mkeka akasimamisha teksi. Dereva akatazama ule mkeka mrefu, ncha yake ikitoka dirishani.

"Mzee, hii ni muzigo ama ni mutu?"

"Ni mutu," akasema baba mdogo.

Dereva akadhani ni mzaha, akaanza kucheka. Kisha akaona sura zetu nyuma: mama katikati, wifi na mimi pembeni. Akazima redio. Akaendesha mpaka Kamenge polepole, akiyakwepa mashimo kama mtu aliyebeba mgonjwa, na tulipofika akavua kofia akasaidia kushusha.

Shimo lilikuwa tayari. Baba mdogo akafungua mkeka, shina likalala juu ya nyasi, kijani na jeupe, bado linatoa maji mahali lilipokatwa. "Nguo," akasema.

Mama akatoa shati kifuani, ndani ya kitenge chake. Lilikuwa limekunjwa vizuri. Akapiga magoti, akalivika shina, akafunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Shati lilikuwa na mistari ya kahawia.

Nililitambua. Lilikuwa shati la baba yangu, ambaye alikufa kitandani tukiwa bado ng'ambo ya ziwa, akazikwa na watu wote wa kijiji. Mama alilitunza miaka yote hiyo. Shati la mdogo wangu lilikuwa la buluu, na mfuko wake wa kifua ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi usiofanana, kwa sababu hakukoma kuuchana kwa spana. Aliyeushona ni wifi.

Nikamtazama wifi. Alikuwa amelikazia macho lile shati. Akainua macho, na mama akainua ya kwake kutoka kwenye kifungo cha mwisho, wakatazamana juu ya shina la mgomba. Baba mdogo alikuwa anakung'uta suruali yake, hakuona kitu. Neno moja la wifi lingetosha. Mazishi yangesimama, mama angeaibishwa mbele ya shemeji yake, wangetumwa watu kuleta nguo ya kweli.

Wifi akashika upande wake wa mkeka, tukateremsha.

Mama akatupa udongo wa kwanza. Baba mdogo akasema maneno yanayosemwa, akamwita mdogo wangu kwa jina lake na kumwambia asirudi kusumbua walio hai. Ndipo kilio kikaanza, na nimesikia vilio vingi, lakini sijawahi kusikia mtu akilia kama wifi alivyolia pale kwenye mihogo, mpaka sauti ikakatika akabaki anafungua mdomo tu. Mama hakulia. Alisimama na mkono wake wenye udongo ukiwa mbali na mwili, kama kitu alichoazima. Wifi akanyolewa hapohapo na wembe mpya. Kichwa chake kilitoka kidogo, kama cha mtoto.

Alikaa nasi mpaka nywele zilipoanza kurudi. Siku aliyofunga mzigo wake kwenda kwa wazazi wake, ambako yule mshonaji angekuja kumposa, nilimsaidia kukunja nguo.

"Ile shati haikuwa yake," akasema.

"Najua."

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Na wewe?"

Akakunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama alifikiri ananidanganya mimi ili niende. Niliona machoni. Nikasema, basi, acha afikiri hivyo. Lakini wifi, sikunyamaza kwa ajili ya kuenda tu. Mi pia sikutaka tumuzike." Akakaa kitandani. "Sasa naenda kuolewa na mutu muzuri, na mume wangu iko pahali anafungua mota. Nitamuambia nani hiyo?"

Nikamkumbatia. Aliolewa baada ya miezi kadhaa, na namwona kanisani, amepata binti. Anapomleta mama amsalimie, mama hummwagia baraka zote alizo nazo.

Lakini mama mwenyewe hakupata hesabu aliyoitegemea. Alifikiri kwamba kwa kumzika mume wake mara ya pili amemwacha mwanawe hai, naye ataendelea kumngoja kimyakimya. Hakulikumbuka soko. Habari za mazishi zilifika kabla yake, kama zinavyofika siku zote. Alipokwenda kwa wale wachuuzi wa Uvira, waliinuka wote kutoka nyuma ya mabeseni yao. Mmoja akamshika mikono miwili, akamwambia kwa Kirundi, "Mwihangane, mama," ndiyo pole ya msiba, na wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Yule wa mihogo alilia kabisa. Mama alipaswa kuitikia asante. Angesema nini? Akisema mwanawe hajafa, anamfunga wifi upya. Akawaitikia wote, akanunua ndagala, akarudi.

Bado anakwenda. Siku nyingine mimi humsindikiza. Anasimama pale mbele ya mabeseni, anachagua samaki kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na wao wanazungumza mambo ya ziwa: upepo, boti iliyoharibika, boti iliyotengenezwa. Wanapomwona wanashusha sauti kwa heshima. Jina la Mama Fundi wameliacha, kwa huruma. Anasikiliza anachoweza. Hawezi kuuliza.

Darasani nimelirefusha lile somo. Nikifika kwenye ile sentensi moja ya kitabu, naweka kitabu chini, nawaeleza watoto kwamba katika kila kisiwa, baada ya boti kuondoka na moshi kuisha, walibaki watu waliolazimika kuamua kama waliochukuliwa wahesabiwe hai au wafu, na kwamba vyovyote walivyoamua, waliumia. Yule wa dawati la nyuma aliniuliza jambo ambalo nakuachia nalo, kwa sababu ndilo lenye manufaa. "Sasa Madamu, ukikutana na mutu mwenye alibaki hivyo, unamuambia nini?" Nilimwomba anipe siku moja, nikafikiri, na hili ndilo jibu nililompa.

Usimpe pole ya msiba, na usimwambie atarudi. Kaa naye mchana, mahali penye utulivu, umuulize mtu wake alipenda kula nini na alifanyaje kazi yake. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize mwenyewe.